Binti wa Budapest na Maji Yetu ya Lualaba

 

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari za mchezo ambao aghalabu hautajwi katika redio zetu. Mpira wa miguu tunaujua sote. AS Simba ikicheza hapa nyumbani Kolwezi, au TP Mazembe ikicheza Lubumbashi, hakuna haja ya kumwuliza mtu matokeo, kwa maana makelele ya mtaa yatakuambia. Mimi leo nitasema habari za kuogelea, na katika kuogelea nitasema habari za mtindo mmoja tu, yaani kuogelea chali, na katika mtindo huo nitasema zaidi habari za mwanamke mmoja, jina lake Krisztina Egerszegi, wa nchi ya Hungaria. Najua mtaniuliza: Hungaria na Kolwezi ni wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu, lakini niruhusuni nianze mbali kidogo.

Hungaria ni nchi ya Ulaya isiyo na bahari. Tafadhali lishikeni neno hilo, kwa sababu nitalirudia: ni nchi isiyo na bahari, kama sisi wa Lualaba tusivyokuwa na bahari. Ina mto mkubwa, Danube, upitao katikati ya mji mkuu wa Budapest. Ina ziwa, Balaton. Na chini ya ardhi yake zimo chemchemi za maji ya moto ambazo watu wa nchi ile wameziogea tangu zama za kale. Basi, isipokuwa hayo maji ya moto, hakuna kitu walicho nacho ambacho Mwenyezi Mungu ametunyima sisi. Hata hivyo katika mashindano ya Olimpiki, ambapo mataifa yenye pwani ndefu na mali nyingi yangetazamiwa kutwaa kila kitu, nchi hii ndogo imekuwa ikitoa mabingwa wa kuogelea, wa kike kwa wa kiume, tangu siku ile ya kwanza michezo hiyo ilipofufuliwa mjini Athens mwaka 1896.

Na huyo wa kwanza, aliyeshinda mwaka 1896, ana kisa ambacho yafaa kisikiwe hapa Kolwezi kuliko mahali pengi. Aliitwa Alfréd Hajós. Alikuwa na umri wa miaka 13 baba yake alipokufa maji katika mto Danube, na kutoka siku hiyo kijana yule akaazimia kuwa mwogeleaji hodari, mto usije ukamfanyia yeye ulivyomfanyia mzazi wake. Miaka mitano ikapita. Huko Athens hapakuwa na bwawa, wakaogelea baharini karibu na Piraeus, katika mwezi wa Aprili maji yakiwa baridi kali, naye Hajós akajipaka mafuta mwilini apate kustahimili, akaingia, akashinda mbio za mita 100, kisha siku hiyo hiyo akashinda mbio za mita 1200. Angeweza kuishia hapo na fahari yake. Lakini alisomea ufundi wa kuchora majengo, na alipokuwa mtu mzima akachora bwawa kubwa la kuogelea lililojengwa katika kisiwa cha Margit, katikati ya mto ule ule wa Danube, likafunguliwa mwaka 1930, na mpaka leo hivi linaitwa kwa jina lake. Mto ulimwua baba. Mwana akaweka ndani ya mto huo mahali ambapo watoto wa watu wengine watafundishwa kuogelea. Mimi nikikifikiri kisa hiki huona kwamba hapo ndipo ilipo asili ya mengi yaliyofuata katika nchi ile, hata kuliko katika chemchemi zao.

Sasa nije kwa binti mwenyewe. Krisztina Egerszegi alizaliwa Budapest tarehe 16 Agosti 1974, akajifunza kuogelea akali mtoto mdogo, akawa chini ya mwalimu László Kiss, na mtindo uliomkaa mwilini ukawa ni huo wa chali.

Je, kuogelea chali ni kuogelea kwa namna gani? Katika mitindo mingine mitatu ya mashindano mwogeleaji hulala kifudifudi, na ainuapo uso huweza kuona mbele. Huyu wa chali hana fursa hiyo. Huanza akiwa majini, wala si juu ya jukwaa, ameshika vyuma vya ukutani na magoti ameyakunja. Ishara ikilia hujirusha kinyumenyume, na tangu hapo mpaka mwisho macho yake huona dari, au mbingu ikiwa bwawa ni la wazi, asione hata kidogo aendako. Mita 5 kabla ya kila ukuta hutundikwa bendera ndogondogo juu ya maji, na mwogeleaji azionapo huanza kuhesabu mapigo ya mikono yake apate kujua saa ya kugeuka. Akikosea hesabu kwa pigo moja, atagonga ukuta, au atageuka mapema na kupoteza alichokichuma njia nzima. Mwogeleaji huyu ni kama mwenye nyumba wa hapa kwetu ambaye umeme umemkatikia usiku wa manane, naye haulizi mshumaa wala kibiriti, kwa kuwa amekwisha kuzipita hatua za kutoka kitandani hadi mlangoni mara maelfu na miguu yake inazijua. Ndiyo maana nasema kwamba mtindo huu hautaki nguvu kwanza. Hutaka mazoezi ya miaka mingi, na hutaka utulivu wa moyo.

Twende Seoul, katika Korea ya Kusini, mwezi wa Septemba mwaka 1988. Krisztina alikuwa ametimiza miaka 14 mwezi uliotangulia. Enyi wazazi mnaonisikiliza, mtazameni binti yenu wa umri huo, kama yupo hapo karibu akiosha vyombo au akiandika kazi ya shule, mfikiri kwamba aliyesimama kando ya bwawa la Seoul alikuwa kama huyo: msichana wa takriban kilo 45, ambaye watu wa kwao walimwita kwa mapenzi Kipanya, na kushoto kwake na kulia kwake wanawake warefu, wenye mabega mapana, waliomzidi uzito kwa kilo nyingi. Waliotisha zaidi walikuwa waogeleaji wa Ujerumani ya Mashariki, ambao katika miaka ile walikuwa wakizoa nishani nyingi za wanawake. Na miaka ya baadaye, serikali ile ilipokwisha kuanguka, ilithibitika mbele ya mahakama za Ujerumani kwamba wanamichezo wa nchi hiyo, wengi wao wakiwa bado watoto, walikuwa wakipewa dawa za kuongeza nguvu kwa mpango wa dola yenyewe.

Katika mbio za mita 100 chali binti huyu alipata nishani ya fedha. Siku tatu baadaye zikaja mbio za mita 200, na hizo ndizo zilizomfanya awe Egerszegi tunayemtaja leo. Aliogelea kwa subira, mikono mirefu, kichwa kimetulia, na katika sehemu ya mwisho wale wakubwa wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mtangazaji wa televisheni ya Hungaria, Tamás Vitray, mtu mzoefu wa kazi yake, aliacha kutangaza akaanza kumwita yule mtoto na kumhimiza aje. Nasi tufanyao kazi ya kusema na watu kwa chombo hiki hatuwezi kumlaumu. Krisztina akagusa ukuta wa kwanza. Nyuma yake, wa pili na wa tatu, walikuwa Wajerumani wa Mashariki wawili. Miaka 14 na dhahabu ya Olimpiki!

Wasikilizaji, wako watoto wengi wa ajabu duniani ambao hung'aa siku moja kisha hawasikiki tena. Huyu hakuwa mmoja wao. Mwaka 1991, huko Athens, katika mashindano ya Ulaya, aliogelea mita 200 chali kwa dakika 2 na sekunde 6 na nukta 62, na hakuna mwanamke yeyote aliyekuwa amewahi kwenda kasi hiyo. Sipendi kuwachosha kwa hesabu katika redio, lakini wakati huo nawaomba muukumbuke, kwa sababu utaturudisha karibu na nyumbani. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Barcelona, bwawa likiwa wazi chini ya mbingu, bila dari ya kumwongoza macho, alitwaa dhahabu ya mita 100 chali, na wa pili wake alikuwa Mhungari mwenziwe, Tünde Szabó. Akatwaa dhahabu ya mita 200 chali. Akatwaa na dhahabu ya mita 400 za mitindo minne, hizo akimshinda Lin Li wa Uchina kwa chini ya robo ya sekunde. Dhahabu tatu, peke yake, akiwa na miaka 17.

Kisha lilikuja jambo ambalo huwajia wote waliopanda juu. Mwaka 1994, katika mashindano ya dunia mjini Rome, alishindwa katika mbio zake mwenyewe, zile za mita 200, na He Cihong wa Uchina. Mimi napenda sana sehemu hii ya maisha yake kuliko hata Barcelona. Mtu aliyekwisha kupata kila kitu, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la nyumbani, anashindwa hadharani. Je, ana haja gani ya kurudi alfajiri katika maji, kuhesabu mapigo, kugeuka, kuhesabu tena? Alirudi. Mwaka 1996 akasimama Atlanta, katika Marekani, kwa Olimpiki yake ya tatu, akashinda mita 200 chali kwa kumwacha wa pili wake nyuma kwa zaidi ya sekunde nne. Katika mchezo ambao watu hulia kwa sababu ya sehemu ya kumi ya sekunde, nne nzima ni umbali wa kumfanya mtazamaji adhani kwamba wale wengine wanaogelea mbio nyingine. Kabla yake ni mwogeleaji mmoja tu, Dawn Fraser wa Australia, aliyekuwa ameshinda mbio moja katika Olimpiki tatu mfululizo. Katika Atlanta hiyo hiyo alipata pia shaba ya mitindo minne, na hapo akaacha mashindano, kabla hata hajatimiza miaka 22, akiwa na nishani saba za Olimpiki, tano kati yake za dhahabu, na zote alizipata peke yake bila kuchangia na timu.

Niliwaomba mkumbuke wakati ule wa Athens. Mwanamke alipoacha mashindano, rekodi yake haikuacha. Ikakaa mwaka 1996, ikakaa mwaka 2000, ikavuka 2004. Wamarekani waliijaribu, Wachina waliijaribu, Wajapani waliijaribu. Miaka kumi na sita ikapita na ushei. Na mnamo Februari 2008 ikavunjwa, na aliyeivunja, wasikilizaji wa Kolwezi, hakutoka Moscow wala Tokyo. Alitoka Harare, Zimbabwe, jirani ya jirani yetu: ukivuka mpaka wetu unaingia Zambia, na ukiivuka Zambia umefika kwao. Jina lake ni Kirsty Coventry.

Huyu naye alikuwa mtu wa chali. Alikuwa amekwisha kushinda mita 200 chali katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, akarudi Harare watu wakampokea kwa ngoma na shangwe, weusi kwa weupe, wakati nchi ile ilikuwa katika mvutano mkali wa mashamba na rangi. Mwaka 2008 alishinda tena Beijing, akaiteremsha rekodi mpaka dakika 2 na sekunde 5. Nishani zake za Olimpiki nazo ni saba, na zote alizipata peke yake, sawasawa na yule wa Budapest. Na katika nishani zote nane ambazo Zimbabwe imezipata tangu ipate uhuru, saba ni za mwanamke huyu mmoja. Alikuwa waziri wa michezo wa nchi yake tangu mwaka 2018, na tarehe 20 Machi 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Nasikia msikilizaji mmoja akisema: Bwana, huyo Kirsty ni mtoto wa Kizungu, alisoma shule nzuri mjini Harare, kisha akaenda chuo cha Auburn huko Marekani, usitudanganye kwamba ni sawa na watoto wetu. Ndugu yangu, sikudanganyi, wala hoja yako siipingi. Ndiyo hoja yangu hasa. Kirsty alifika alikofika kwa kuwa alipokuwa mdogo palikuwa na bwawa na palikuwa na mwalimu. Krisztina alifika alikofika kwa kuwa Budapest palikuwa na mabwawa na walimu, na palikuwapo kwa kuwa watu kama Hajós walitaka pawepo. Rangi haielei, wala utaifa hauelei. Kinachoelea ni mwili uliofundishwa, na mwili hufundishwa mahali palipo na maji salama na mtu mzima anayetazama.

Sasa nilijibu lile swali lenu la mwanzo. Hungaria na Kolwezi ni wapi na wapi?

Nilisema Hungaria haina bahari. Nasi hatuna bahari. Lakini nani atasema kwamba hatuna maji? Tunao Lualaba, mama wa mto Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto huo ulizibwa kwa boma pale Nzilo, ili umeme upatikane kwa migodi ya kampuni ya Union Minière, na maji yakatanda yakawa ziwa ambalo leo wavuvi wetu huliingia kwa mitumbwi usiku na mchana. Tunalo Ziwa Malo huko Kapata, ambamo kwa miaka mingi akina mama na watoto wamesimama majini hadi kiunoni wakiosha mawe ya shaba na kobalti. Tunayo mashimo yaliyochimbwa kisha yakaachwa, ambayo masika ikifika hujaa, yakawa maziwa madogo yenye kingo za kuteleza, na watoto huyaona kuwa ni mahali pa kuchezea. Maji tunayo, tena yako mlangoni. Na ni nani kati yetu asiyeijua familia moja, angalau moja, iliyokwenda kumtafuta kijana wake kando ya maji na kurudi na nguo zake tu?

Hatukukosa mabwawa vilevile. Union Minière ilipoijenga miji hii ya madini haikuusahau mchezo wa kuogelea. Ila katika zama zile za ukoloni maji hayo safi yalikuwa kwa ajili ya Wazungu, na mtoto wa mfanyakazi aliyatazama kwa nje ya ua. Uhuru ukaja, kampuni ikawa ya taifa, ikaitwa Gécamines, ua ukafunguka kwa kiasi. Kisha katika miaka ya 1990 kampuni yenyewe ikadhoofika, na huduma zake nyingi zikadhoofika pamoja nayo. Leo pisini zipo mahotelini na katika makazi ya makampuni yaliyokuja kuchimba, na maji yake ni ya buluu na safi, na siku nyingi za juma hayana mtu ndani yake. Hilo ndilo linaloniuma, nami nalisema waziwazi kwa sababu nalipenda sana bara hili la shaba na watoto wake.

Katika kuogelea, mojawapo ya mambo ya kwanza anayofundishwa mtoto ni kulala chali juu ya maji na kutulia: masikio ndani ya maji, tumbo juu, kidevu juu, pumzi polepole.  Na mtoto aliyetumbukia Nzilo kutoka katika mtumbwi, akiwa anajua jambo hilo moja tu, aweza kungoja dakika nyingi mpaka mkono wa mtu umfikie. Asiyelijua hutapatapa, huchoka, huzama. Sisemi sote tutazaa mabingwa. Nasema kwamba bingwa na mtoto aliyeokoka hutoka katika somo moja, na nchi inayolifundisha somo hilo kwa watoto wake wote itawaokoa walio wengi, na siku moja, bila kutazamia, itamwona mmoja wao Olimpiki.

Basi kwa hayo nina maombi yangu jioni hii. Ninyi wakuu wa makampuni ya migodi na wenye mahoteli ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, fungueni mabwawa yenu asubuhi moja katika juma kwa watoto wa shule zilizo jirani, na mmlipe mwalimu anayejua kazi yake akae nao. Ninyi wakuu wa mkoa wa Lualaba, liingizeni somo la kuogelea katika shule zilizo kando ya Ziwa Nzilo kabla ya shule nyingine zote. Nanyi akina mama na akina baba wa Kapata, wa Musonoi na wa Luilu, msimruhusu mtoto aende peke yake kwenye mashimo yenye maji, hata kama amewaambia kwamba anajua kuogelea, na akipatikana mtu mwaminifu wa kumfundisha, msimzuie binti kwa kuwa ni binti.  Anzeni mapema, kabla masika haijafika.